Mnyampala na Elimu ya Watoto

Marehemu Mathias Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 katika nchi ya Ugogo, karibu na Dodoma, mbali na pwani na visiwa ambako ushairi wa Kiswahili ulilelewa. Alisoma, akawa mwalimu, kisha karani na hakimu. Mwaka 1954 kilichapishwa kitabu chake juu ya historia, mila na desturi za Wagogo. Mashairi yake nayo yalitoka magazetini.

Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere aliwaita washairi wasaidie kulieneza Azimio la Arusha. Mnyampala aliitikia kwa ngonjera: mmoja hajui na anabisha, mwenziwe anamjibu, hata wakapatana. Alifariki mwaka 1969. Ngonjera za UKUTA zikatoka mwaka 1970. Shule zilizipokea, na hata mtoto asiyemudu kalamu aliweza kuzighani mbele ya wazee.

Hapo ndipo penye funzo kwa watendaji wa elimu na kwa waandishi wa habari. Watoto wengi wamepangwa mstari mbele ya mgeni rasmi, wakaghani, wakapigiwa makofi, na kesho yake gazeti likaandika hotuba ya mgeni peke yake. Lakini nguzo ya ngonjera ni yule anayeuliza. Mtoto wa darasa la awali aliyefunzwa kukariri bila kuuliza amepewa nusu tu ya ngonjera. Basi afisa anapokagua darasa, Bara na Visiwani, asihesabu madawati tu. Asikilize na maswali ya watoto, na mwandishi ayaandike.