Josué de Castro: Daktari aliyeona njaa kiwandani

Josué de Castro alizaliwa mwaka 1908 mjini Recife, Brazil, akasomea udaktari. Kiwanda kimoja kilimwajiri awapime wafanyakazi waliodaiwa kuwa wavivu. Akagundua ugonjwa wao ni njaa, kwani mshahara haukutosha chakula. Aliposema hivyo, alifukuzwa kazi.

Mwaka 1946 alichapisha kitabu kuhusu jiografia ya njaa nchini mwake. Alipinga hoja kwamba njaa huletwa na wingi wa watu. Aliona chanzo ni ardhi kuhodhiwa na wachache na ujira duni. Aliongoza Baraza la FAO mwaka 1952 hadi 1956. Baada ya mapinduzi ya kijeshi ya 1964 alinyang'anywa haki za kisiasa, akafia uhamishoni Paris mwaka 1973.

Tangu hapo watu duniani wameongezeka maradufu, lakini hoja yake bado ina uzito: wengi hulala njaa kwa kukosa fedha, huku chakula kikiwa sokoni.