August Krogh, mutu aliyepima pumzi ya wadudu

Kule Lwiro, karibu na Katana, watafiti wanafanya kazi tangu wakati wa IRSAC, shirika la uchunguzi ambalo Wabelgiji walilianzisha mwaka wa 1947. Mutu akiona goliati, ule mududu wa misitu ya Kongo anayefikia karibu sentimita 11, anaweza kujiuliza: juu ya nini hakuna mududu mukubwa sawa mbuzi? Mutu mumoja wa Denmaki alisaidia sana kutoa jibu. Jina lake August Krogh.

Alizaliwa tarehe 15 Novemba 1874 kule Grenaa, muji mudogo wa pembeni ya bahari. Tangu utoto alipenda wadudu. Mwaka wa 1893 aliingia chuo kikuu cha Copenhagen kusomea uganga, lakini akahamia elimu ya wanyama. Akiwa angali mwanafunzi alichunguza mutoto wa mududu mumoja wa majini, mwenye mwili wa kuonekana ndani sawa kioo. Ndugu zake wale ndio wanapanda sawa moshi juu ya Ziwa Victoria na Ziwa Malawi.

Mwalimu wake, Professa Christian Bohr, aliamini kwamba mapafu yanasukuma oksijeni kwa nguvu yao wenyewe ndani ya damu. Krogh alipima tena na tena, pamoja na Marie, munganga aliyemuoa mwaka wa 1905. Mwaka wa 1910 wakaonyesha kwamba oksijeni inapita yenyewe, kutoka pale iko mingi mpaka pale iko kidogo. Haikuwa vyepesi kumupinga mwalimu aliyemukuza.

Kiisha akarudi kwa wadudu. Mududu hana mapafu, na kwa wadudu wengi damu haibebi oksijeni. Kwenye mbavu zake kuna matundu madogo, na hewa inapita ndani ya mirija mpaka karibu na kila kipande cha mwili. Je, inaweza kufika peke yake? Krogh alipima urefu na upana wa mirija ya viwavi, akapiga hesabu. Mwaka wa 1920 akatoa jibu: kwa kiwavi, ndiyo, inafika. Wadudu wakubwa wenye kuruka kwa nguvu wanapaswa kuisukuma kwa kubana na kulegeza tumbo.

Hesabu ile inaonyesha mupaka. Njia ikirefuka mara mbili, hewa inayojiendea inachukua wakati mara nne. Mwili ukikua mara mbili kwa kila upande, uzito unakuwa mara nane. Mirija ingekula nafasi kubwa ya mwili. Tena mududu anabeba mifupa yake inje, sawa ganda. Wakati anabadilisha ganda anakuwa laini, na mwili muzito ungejiponda wenyewe.

Zamani, karibu miaka milioni 300, oksijeni ilikuwa mingi hewani kupita hii 21 kwa mia ya leo. Wakati ule aliruka Meganeura, mfano wa kereng'ende, aliyepatikana ndani ya mawe kule Commentry, Ufaransa. Mabawa yake yakifunguliwa yalifika karibu sentimita 70. Hata yeye hakukaribia mbuzi.

Mwaka ule wa 1920 Krogh alipewa tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya mishipa midogo ya damu. Marie alikuwa na ugonjwa wa sukari. Mwaka wa 1922 wakasafiri Amerika, na Krogh akafika Toronto, mahali insulini ilikuwa imevumbuliwa. Akarudi na ruhusa ya kuitengeneza, na mwaka wa 1923 yeye na munganga Hagedorn wakafungua labo ya Nordisk. Marie aliishi mpaka 1943.

Wakati wa vita, Wajerumani wakiwa ndani ya inchi, Krogh alikimbilia Uswidi. Aliporudi alianza kupima pumzi ya nzige wakati wanaruka. Alikufa tarehe 13 Septemba 1949. Kazi ya nzige ilimaliziwa na kijana aliyefanya naye, Torkel Weis-Fogh.