Paul Hermann Müller

Paul Hermann Müller (12 Januari 1899 – 13 Oktoba 1965) alikuwa mwanakemia kutoka Uswisi. Anajulikana hasa kwa kugundua kwamba DDT inaua wadudu. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 1948, ingawa hakuwa daktari.

Maisha

Müller alizaliwa mjini Olten. Alisoma kemia katika Chuo Kikuu cha Basel akapata shahada ya uzamivu mwaka 1925. Mwaka huohuo aliajiriwa na kampuni ya J. R. Geigy mjini Basel, akafanya kazi huko hadi alipostaafu mwaka 1961. Alifariki Basel mwaka 1965.

Ugunduzi

DDT ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1874 na Othmar Zeidler, lakini matumizi yake hayakujulikana. Müller alikuwa akitafuta sumu ya kuua wadudu wanaoigusa tu, bila kulazimika kuila, na ambayo ingedumu muda mrefu. Baada ya kujaribu mamia ya kemikali, mwaka 1939 aliona kwamba DDT inaua nzi kwa namna hiyo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilitumiwa mjini Napoli, Italia, kuua chawa wanaoeneza tifasi.

Vita dhidi ya malaria

DDT ikipuliziwa kwenye kuta za nyumba huua mbu wanaotua hapo kwa miezi kadhaa. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani (WHO) lilianzisha mwaka 1955 mpango wa kutokomeza malaria. Nchi kadhaa za Ulaya zilifaulu, lakini sehemu kubwa ya Afrika kusini kwa Sahara haikuingizwa katika mpango huo. Lengo la kutokomeza ugonjwa duniani kote liliachwa mwaka 1969.

Usugu wa wadudu

Sababu mojawapo ya kushindwa huko ilikuwa usugu. Nzi wasiokufa kwa DDT walionekana Ulaya miaka michache tu baada ya vita, na mbu sugu nchini Ugiriki mwanzoni mwa miaka ya 1950. Dawa yenyewe haimfundishi mbu kuizoea: inaua walio dhaifu, na wachache waliozaliwa na kinga wanabaki kuzaana. Dawa ilitumiwa kwa wingi mashambani pia, hivyo usugu ulienea haraka zaidi.

Mbu wengine huvunja sumu mwilini kwa vimeng'enya. Wengine wana badiliko la jeni katika neva, mahali DDT inaposhika. Piretroidi, dawa zilizotengenezwa kwa kuiga sumu ya maua ya pareto, hushika mahali hapohapo. Kwa hiyo mbu mwenye badiliko hilo anaweza kustahimili DDT pamoja na dawa iliyotiwa katika vyandarua. Usugu huo umeenea Afrika, Kenya na Tanzania zikiwemo, na vyandarua vipya huchanganya piretroidi na kemikali nyingine.