Padre Russell na Mbwa Wake

Huko Uingereza palikuwa na padre, jina lake John Russell, aliyezaliwa mwaka 1795. Alipokuwa mwanafunzi wa Oxford alimwona muuza maziwa na mbwa jike mdogo, mweupe, mwenye mabaka ya hudhurungi kichwani. Akamnunua papo hapo. Jina la mbwa huyo lilikuwa Trump. Padre alitaka mbwa wa kuingia shimoni na kumfukuza mbweha atoke, siyo kumwua. Aliwachagua kwa kazi yao, wala hakuwapeleka maonyeshoni.

Alikufa mwaka 1883. Baadaye jina lake lilipewa mbwa wa namna mbili, ambao watu huwachanganya. Parson Russell ana miguu mirefu, kimo sentimita 33 hadi 36 hivi. Jack Russell ni mfupi, sentimita 25 hadi 30, na mwili wake ni mrefu kuliko kimo chake. Rangi zao ni moja. Tabia nazo zakaribiana: wote ni wajasiri, na wakifungwa bila kazi hufukua na kubweka.

Basi nasi wa Masumbwe tuchaguapo mtoto wa mbwa, tufikiri kwanza kazi yake, kisha umbo. Rangi iwe mwisho.