Hans Berger: Daktari aliyetafuta mawazo yanayosafiri, akakuta mawimbi ya ubongo

Unapojilaza kitandani na kufumba macho, ubongo hauzimiki kama taa. Unabadilisha mwendo wa umeme wake, hatua kwa hatua, mpaka usingizi unakuchukua.

Leo mabadiliko hayo yanaonekana kwenye mashine hospitalini. Mtu wa kwanza kuurekodi umeme huo kwa binadamu alikuwa daktari wa Kijerumani, Hans Berger, na alichokuwa akikitafuta kilikuwa kitu kingine kabisa.

Ajali iliyobadili maisha

Berger alizaliwa Mei 21, 1873, karibu na mji wa Coburg. Baba yake alikuwa daktari, lakini kijana mwenyewe alipenda hesabu na elimu ya nyota.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 alijiunga na jeshi kwa mwaka mmoja. Siku moja mazoezini farasi wake alimwangusha mbele ya farasi wengine waliokuwa wakikokota mzinga. Mzinga ulisimamishwa kwa taabu, akanusurika.

Jioni hiyohiyo akapokea telegramu kutoka kwa baba yake, akiulizwa kama ni mzima. Kumbe dada yake, aliyekuwa mbali nyumbani, alishikwa na hofu ya ghafla kwamba kaka yake yuko hatarini.

Wengine wangesema ni bahati tu. Berger aliamini kwamba wazo lake lilisafiri hadi kwa dada yake. Akaachana na nyota, akasomea udaktari, akitaka kujua ni nguvu gani ya mwili inayobeba mawazo.

Miaka mingi ya kukosa jibu

Kuanzia 1897 alifanya kazi katika hospitali ya magonjwa ya akili mjini Jena, na mwaka 1919 akawa mkuu wake. Alipima mzunguko wa damu ndani ya ubongo, kisha joto lake. Hakupata alichotaka.

Ukabaki umeme. Mwaka 1875 daktari Richard Caton wa Liverpool, Uingereza, alishaukuta kwenye ubongo wa wanyama. Kwa binadamu shida ilikuwa udogo wake: gawa volti moja mara milioni, umeme unaofika kwenye ngozi ya kichwa ni makumi machache tu ya vipande hivyo.

Julai 6, 1924, Berger alifanikiwa kuurekodi kwa kijana wa miaka 17 aliyekuwa akifanyiwa upasuaji wa ubongo. Lakini hakutangaza. Alihofia huenda ni mapigo ya damu, misuli au hitilafu ya mashine. Akarudia vipimo kwa miaka mitano, mara nyingi akimtumia mwanawe Klaus, huku wenzake wengi wakiwa hawajui anachofanya.

Mwaka 1929 akachapisha matokeo. Alieleza kuwa mtu akitulia na kufumba macho, mawimbi yanapanda na kushuka kama mara 10 kwa sekunde. Akayaita alfa. Mtu akifumbua macho au akipiga hesabu kichwani, yanafifia.

Wengi hawakumwamini, mpaka mwaka 1934 Edgar Adrian, mshindi wa Nobel, na mwenzake Bryan Matthews waliporudia kipimo hicho Cambridge na kupata matokeo yaleyale.

Njia ya kwenda usingizini

Mlango sasa ulikuwa wazi. Nchini Marekani, tajiri mpenda sayansi Alfred Loomis na wenzake waliwarekodi watu usiku kucha, na mwaka 1937 wakaugawa usingizi katika hatua tano.

Mpangilio umerekebishwa tangu hapo, lakini safari ni ileile. Mtu anaposinzia, alfa hukatikakatika na kutoweka, yakaja mawimbi ya polepole zaidi, mara 4 hadi 7 kwa sekunde. Ukimwamsha hapo, huenda akabisha kwamba hakuwa amelala. Kisha hutokea milipuko mifupi ya mawimbi ya haraka, na mwisho, kwenye usingizi mzito, mawimbi makubwa yanayokwenda taratibu sana.

Doa lisilofutika

Kwa miaka mingi Berger alisimuliwa kama mtu aliyeonewa na utawala wa Nazi. Utafiti wa baadaye wa nyaraka umeonyesha vingine: alishiriki katika mahakama ya rufaa mjini Jena iliyoamua nani afungwe uzazi kwa nguvu.

Sheria hiyo ya mwaka 1933 iliwalenga pia wenye kifafa walichohesabiwa kuwa cha kurithi. Na ni hao hao ambao kipimo chake kimewasaidia sana, kwa kuwa kifafa huacha alama zake kwenye mawimbi ya ubongo.

Berger alistaafu mwaka 1938. Akiwa amezidiwa na sonona, alijiua Juni 1, 1941, akiwa na miaka 68.

Nguvu ya kusafirisha mawazo hakuipata. Kipimo chake, EEG, kinatumika mpaka leo kuchunguza kifafa na matatizo ya usingizi, na mgonjwa anayefungwa nyaya kichwani bado huambiwa kwanza afumbe macho na kutulia. Mawimbi yanayotokea hapo ni yale yale ya Jena.