Shaaban Robert: karani aliyeandika maisha yake mwenyewe

Wengi wetu jina la Shaaban Robert tulilikuta darasani. Tuliambiwa ni baba wa fasihi ya Kiswahili, tukakariri majina ya vitabu vyake, tukafanya mtihani. Lakini yeye mwenyewe alikuwa nani, na aliishi vipi? Hakuwa tajiri wala mtu wa cheo kikubwa. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa karani wa serikali ya kikoloni.

Mtoto wa Tanga, asili ya Wayao

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na mji wa Tanga. Alikuwa Muislamu, na jina lake la pili, Robert, limewashangaza wasomaji wengi hadi leo. Ukoo wake ulikuwa na asili ya Wayao. Kwa hiyo Kiswahili hakikuwa lugha ya mababu zake, kama kisivyokuwa lugha ya mababu wa msikilizaji wetu wa Lingeka, ambaye nyumbani huanza na Kisukuma. Shaaban alikua nacho pwani, akakipenda, akakifanyia kazi mpaka kikawa chake.

Kati ya mwaka 1922 na 1926 alisoma Dar es Salaam, akamaliza na kupata cheti. Elimu yake ya darasani iliishia hapo. Mengine yote aliyajua kwa kusoma mwenyewe.

Mchana ofisini, kando ya kazi kalamu

Mwaka 1926 aliajiriwa kuwa karani wa forodha, akafanya kazi Pangani na vituo vingine. Baadaye alihamishwa mpaka Mpwapwa, mbali na pwani aliyoizoea, kisha akarudi Tanga na kufanya kazi katika ofisi ya upimaji ardhi. Wakati huo Mwafrika, hata akiwa hodari namna gani, alikuwa chini ya wakubwa wa Kizungu, na lugha iliyofungua milango ya vyeo ilikuwa Kiingereza. Shaaban alichagua kuandika kwa Kiswahili, kwa saa zilizobaki baada ya kazi.

Alimwandikia barua ndugu yake Yusuf Ulenge kwa miaka mingi. Barua za tangu 1931 hadi 1958 zilikuja kukusanywa na kuwa kitabu.

Kuyaweka wazi maisha yake

Mwaka 1949 kilitoka kitabu chake Maisha Yangu. Baadaye alikiendeleza kwa Baada ya Miaka Hamsini. Wakati ule vitabu vya maisha ya watu vilihusu zaidi wafalme, mashujaa na viongozi wa dini. Karani Mwafrika kusimulia ndoa yake, safari zake za kikazi na misiba yake lilikuwa jambo geni.

Jambo zito kuliko yote lilikuwa kifo cha mke wake, Amina. Wanaume wengi wa zama zake, na wa zama zetu pia, hufundishwa kuficha machozi. Shaaban aliyatungia shairi na kuliacha lisomwe na kila mtu. Watoto nao aliwatungia tenzi za malezi: Utenzi wa Hati kwa binti yake na Utenzi wa Adili kwa mwanawe.

Aliona pia kuwa maisha ya mtu aliyetoka chini yanastahili kitabu. Ndiyo maana aliandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Unguja aliyezaliwa katika familia ya watumwa na kuuza vyungu kabla ya sauti yake kumfikisha Bombay kurekodi santuri.

Kusema bila kutaja

Mwaka 1951 kilitoka Kusadikika. Ni hadithi ya nchi ya kubuni inayoelea angani. Kijana Karama anashtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria, na anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe waliotumwa nchi jirani, wakarudi na mawazo mema, wakafungwa. Shaaban hakuutaja ukoloni hata mara moja, lakini wasomaji walielewa. Kwa mtumishi wa serikali ile ile, kuandika hivyo kulihitaji ujasiri na busara.

Alipata tuzo ya Margaret Wrong na nishani ya Uingereza ya MBE. Hata hivyo, heshima haikumletea utajiri.

Mwisho wake na alichoacha

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Shaaban aliuona, lakini kwa muda mfupi tu. Alifariki Juni 1962, akiwa na umri wa miaka 53, akazikwa Machui, Tanga.

Baadhi ya kazi zake kubwa hakuziona zikiwa vitabu. Utenzi wa Vita vya Uhuru, wenye beti zipatazo 3,000 kuhusu Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ulichapishwa mwaka 1967. Utubora Mkulima, hadithi ya mtu anayeacha kazi ya mjini na kurudi kulima, ilitoka mwaka 1968.

Leo mtaa na shule ya sekondari jijini Dar es Salaam vina jina lake. Lakini Amina na karani wa forodha wa Pangani tunawajua kwa sababu moja tu: mwenye maisha hayo aliyaandika. Kila kijiji kina wazee wenye habari kama zake, na nyingi bado ziko vichwani mwao.