Karuri wa Gakure, Mtawala katika Nchi Isiyo na Mfalme

Aghlabu ya watu wa pwani wakitajiwa habari za ufalme katika miji ya Mlima Kenya hukumbuka jambo moja tu: ile nyumba ya Sagana, karibu na Nyeri, ambamo Elizabeth, binti wa Mfalme wa Uingereza, alipewa habari tarehe 6 Februari 1952 kwamba baba yake amekufa na yeye ndiye malkia. Huo ni ufalme wa wageni, nao umekwisha andikwa sana. Sisi leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za mwenyeji aliyetawala magharibi ya mto huo wa Sagana, katika milima ya Murang'a, naye ni Karuri wa Gakure.

Yapasa ijulikane kwanza kwamba Wakikuyu hawakuwa na mfalme. Wazee wao husimulia kwamba zamani za kale walikuwa naye, akawatawala kwa jeuri, wakamwondoa. Tangu hapo mambo yao yakawa mikononi mwa kiama, yaani baraza ya wazee, na vizazi viwili vikawa vikipokezana utawala kwa zamu. Aliyetangulia mbele ya wenziwe aliitwa muthamaki, akasikilizwa kwa busara yake na si kwa nasaba. Mwenye kujua maana ya shura hatastaajabu kusikia kwamba watu wasio na kitabu waliifikia kwa akili zao.

Karuri alikaa Tuthu, kwenye miteremko ya Nyandarua, karibu na msitu. Alikuwa mganga mwenye kuogopwa, na mtu mwerevu, walakini si mfalme wala mwana wa mfalme. Mwaka 1898 akamjia Mwingereza mmoja, John Boyes, mfanya biashara aliyekuwa akitafuta vyakula vya kuwauzia askari na misafara ya kwenda Uganda. Karuri akampokea. Hakufanya hivyo kwa ujinga: alikuwa na maadui waliomshambulia, na mgeni alikuwa na bunduki. Basi kila mmoja akamtumia mwenziwe. Huyu akapata unga, na yule akapata nguvu juu ya majirani zake. Boyes naye akajiona mfalme wa Wakikuyu, hata akatunga kitabu kwa jina hilo mwaka 1911. Serikali ya Kiingereza haikupenda wafalme wawili katika nchi moja. Ikamkamata mwaka 1900, akateremshwa mpaka Mombasa kushitakiwa, na korti ikamwacha huru.

Boyes akaondoka, Karuri akabaki. Mwaka huo huo wa 1900 serikali ikajenga boma Mbirri, lililokuja kuitwa Fort Hall kwa jina la Francis Hall, aliyefia huko mwaka 1901, na leo ni mji wa Murang'a. Mwaka 1902 ikatolewa sheria ya wakubwa wa vijiji, na Karuri akawa mkubwa juu ya wakubwa. Akasimamia kodi ya nyumba na kazi za barabara, akaweka wanyapara chini yake, miongoni mwao mwanamke, Wangu wa Makeri wa Weithaga, ambaye hadithi zake zasimuliwa mpaka leo.

Hapa ndipo penye jambo kubwa. Muthamaki wa zamani akidhulumu, wazee waliacha kumsikiliza, na ukubwa wake ukaisha siku ile ile. Karuri hakuwa na haja ya kusikilizwa na wazee maadamu boma linamtambua. Kiama kiliendelea kukaa chini ya miti yake, lakini mlango wa kumwondoa mkubwa ulifungwa, na ufunguo ukawa kwa bwana wa boma. Hatusemi kwamba Karuri alikuwa mwovu kuliko wengine. Twasema kwamba hapakuwa tena na mwenye haki ya kumwuliza.

Mwezi wa Juni 1902 wakafika Tuthu mapadri wa Consolata, kutoka Turin nchini Italia. Karuri akawakaribisha, wakakaa kwake, wakauguza wagonjwa na kufundisha watoto. Na hapa, ndugu zetu, tustahimili kusema lililo kweli. Misafara ya watu wetu wa pwani ilikuwa ikipita kandokando ya nchi ya Wakikuyu kununua vyakula na pembe tangu kabla ya boma na kabla ya mapadri. Walijua njia, walijua lugha, walijua bei ya mbuzi. Hao mapadri walikuja kwa ajili ya kufundisha; watu wetu walikuja kwa ajili ya pembe. Karuri alimpa nafasi aliyeiomba.

Mwaka 1916, akiwa mzee, Karuri alibatizwa akaitwa Josefu, na mwaka huo huo akafa. Wakubwa waliomfuata waliwekwa na boma kama yeye, na hata baada ya uhuru wa 1963 chifu ameendelea kuwa mtumishi wa serikali, huandikwa kazi na kulipwa mshahara. Tuthu Wakatoliki huenda kuhiji mpaka leo.